Nyiragongo ikilipuka, usikilize nani? Redio, WhatsApp, ramani ya simu na motari kwa kulinganisha

Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wetu wa Goma mashariki mwa Kongo, ililipuka jioni ya Mei 22, 2021, na kesho yake serikali ikatoa hesabu ya kwanza ya waliokufa: watu 15. Wawili waliungua. Wanne walikufa wakijaribu kutoroka gereza la Munzenze. Tisa waliobaki walikufa kwa ajali ya barabarani, wakikimbia. Siku zilizofuata hesabu ilipanda, lakini mgawanyo ule wa mwanzo haujanitoka akilini. Kwa hesabu ile, barabara iliua watu wengi kuliko moto wenyewe.

Goma ina watu wengi na milango michache. Kusini kuna ziwa. Kaskazini uko mlima wenyewe, na barabara ya Rutshuru inapita ubavuni mwake. Mashariki ni mpaka wa Rwanda, magharibi ni Sake. Kwa hiyo yeyote anayekwambia "huku kunapitika, huku hakupitiki" ana nguvu juu ya maisha yako kuliko anavyojua mwenyewe. Akikosea, familia nzima inajikuta mbele ya mlango uliofungwa, watoto mgongoni, moto nyuma.

Ninataka kulinganisha sauti tunazozisikiliza hapa mjini siku mlima unapotapika: redio, makundi ya WhatsApp, ramani za simu, motari (waendesha pikipiki za abiria), ndugu aliye karibu na mlima, shefu wa avenue (kiongozi wa mtaa). Kila familia inaweza kuamua leo, mlima ukiwa umetulia, kwamba kwa jambo fulani itamsikiliza fulani. Usiku wenyewe ukifika hakuna anayepata nafasi ya kupima.

Mtu anayekimbia ana maswali matatu. Niondoke au nibaki? Nikiondoka, nielekee upande gani? Na njia ya upande huo inapitika saa hii? Watu wengi huuliza chanzo kimoja maswali yote matatu, na hapo ndipo wanapopotea. Chanzo kizuri kwa swali la kwanza kinaweza kuwa kibovu kabisa kwa la tatu.

Mei 22 na Mei 27

Mwaka 2021 ulitupa siku mbili za kukimbia ndani ya juma moja, na siku hizo hazikufanana hata kidogo.

Mei 22, Jumamosi jioni, watu hawakungoja tangazo. Waliona anga limekuwa jekundu, wakabeba walichoweza kubeba. Umeme ulikatika sehemu kubwa ya mji. Maelfu walishika njia ya Gisenyi, mji wa Rwanda ng'ambo ya mpaka, kwa miguu, wengine wakaelekea Sake, wengine wakabaki njia panda wakitazamana. Habari pekee iliyokuwepo ilikuwa macho ya kila mtu na mdomo wa jirani. Lava ikasimama Buhene, ukingoni mwa mji, na asubuhi wengi wakaanza kurudi. Waliokwenda upande salama na waliokwenda upande wa hatari walichagua kwa namna ileile: kwa kufuata mgongo wa mtu aliye mbele.

Mei 27 mambo yalikuwa kinyume chake. Asubuhi mapema gavana wa kijeshi, Jenerali Constant Ndima, alitangaza kwamba kartiye (kata) 10 kati ya 18 za mji zihame, na watu waelekezwe Sake. Alieleza sababu: magma, yaani mwamba ulioyeyuka, ilikuwa imeonekana chini ya mji na kuendelea mpaka chini ya ziwa, na mlipuko mwingine ungeweza kuja bila dalili au kwa dalili ndogo sana. Tangazo lilikuwa wazi, lenye jina na cheo cha aliyelitoa. Watu takriban 400,000 waliondoka.

Na barabara ya Sake ikajaa. Ni kilomita 25 hivi, njia moja tu. Magari, pikipiki, chukudu (baiskeli za mbao za mizigo) zenye magodoro, akina mama wenye bido (madumu) za maji vichwani, wote upande mmoja. Hapo tangazo halikuwa na kosa. Uzito wote ulitokana na kulisikia sote kwa pamoja. Watu laki nne wakisikia neno moja saa moja, njia waliyoonyeshwa hugeuka kuwa tatizo jipya.

Jambo hili si la Goma peke yake. Septemba 2005, kimbunga Rita kilipokuwa kikikaribia Texas, Marekani, mamilioni ya watu waliondoka eneo la Houston kwa wakati mmoja. Kimbunga Katrina kilikuwa kimepiga New Orleans wiki chache kabla, na hofu ilikuwa bado mbichi. Foleni ziliganda kwa saa nyingi juani. Takriban watu 100 walikufa katika kuhama kwenyewe, wakiwemo wazee 23 waliokuwa ndani ya basi lililoshika moto. Wale walikuwa na barabara pana, taa, vituo vya mafuta na televisheni. Sisi tuna njia moja ya Sake.

Ndiyo maana, kabla ya kufuata habari yoyote ya njia, ninajiuliza ni wangapi wameisikia pamoja nami. Ikiwa ni mji mzima, basi nina mambo mawili tu ya busara: kutoka kabla ya umati, au kama lava haiko upande wangu na hakuna amri ya dharura kwa kartiye yangu, kungoja wimbi la kwanza lipite. Katikati ya wimbi ndipo pabaya zaidi.

Redio: kwa swali la kuondoka au kubaki

Mlima ulipolipuka Januari 17, 2002, Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, haikuwepo bado. Ilianza kurusha matangazo Februari 25 mwaka uleule, wiki tano baada ya lava kupita katikati ya mji. Leo tunayo, pamoja na redio zetu za hapahapa, na redio ndogo ya betri bado ni kifaa ninachokiheshimu kuliko simu yoyote ya bei kali. Haihitaji yuniti. Haielemewi na watu wengi kusikiliza kwa pamoja. Mzee asiyejua kusoma anaielewa, na anaielewa kwa Kiswahili.

Ubora wake mkubwa kwangu ni kwamba redio inaweza kujisahihisha mbele ya walewale iliowaambia. Mei 29, 2021 serikali ilitangaza kwamba Murara, kreta ndogo ya jirani, nayo imelipuka. Saa chache baadaye ikakanusha: waliopita juu kwa ndege walikuta moshi wa watu wanaochoma makaa. Lilikuwa kosa zito kwa mji uliokwisha kuogopa, lakini kukanusha kulifika kwa njia ileile kosa lilikopitia. Odio ya WhatsApp haina adabu hiyo. Aliyeirekodi hajulikani, na hata akitubu, toba yake haitawafikia waliokwisha kuisambaza.

Udhaifu wa redio ni kwamba haijui avenue yako. Itasema "njia ya Rutshuru imekatika", nawe uko Majengo unataka kujua kama unaweza kuvuka kufika kwa mama yako Virunga. Pia watangazaji nao wana watoto, nao wanakimbia. Stesheni inaweza kunyamaza saa ambayo unaihitaji. Na tangazo linalosomwa saa mbili usiku linaweza kuwa limeandikwa saa kumi jioni. Kwa swali la "niondoke?" kuchelewa huko kunavumilika. Kwa swali la "njia inapitika?" hakuvumiliki.

Neno moja kuhusu rangi za tahadhari za Observatoire Volcanologique de Goma, OVG, kituo kinachochunguza volkano: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Rangi hizo huzungumzia mlima, si barabara. Ni muhimu kuzijua, lakini usizitegemee ziwe saa ya kukuamsha. OVG yenyewe ilipitia miezi kadhaa, kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021, bila fedha za intaneti ya kupokea data za vipimo vyake, na mlipuko wa 2021 ulitukuta bila onyo kwa wananchi.

WhatsApp: inategemea kundi gani

Hapa watu hunishangaza kwa kusema "WhatsApp ni uongo mtupu" au "WhatsApp ndiyo ilituokoa". Zote mbili ni kweli, kwa sababu hatuzungumzii kitu kimoja.

Kundi la watu mia kadhaa wasiojuana, usiku wa hofu, ni hatari. Odio inaingia: mwanaume anahema, anasema "nimetoka pale sasa hivi, moto umefika uwanja wa ndege, kimbieni". Pale wapi? Sasa hivi saa ngapi? Ikishasambazwa mara tano, ile "sasa hivi" inabaki ileile hata kama imepita saa sita. Anayeisikiliza Ndosho saa saba usiku anaamini moto unakwenda wakati huo, kumbe sauti ilirekodiwa jioni. Picha nazo hufanya vivyo hivyo. Picha ya lava ya mwaka mwingine huonekana kama ya leo, maana lava haibadilishi sura.

Kundi la familia au la watu wa avenue moja ni jambo jingine kabisa. Humo kila sauti ina uso. Ukisikia shangazi yako anasema barabara imefungwa Entrée Président, unajua anakaa wapi, unajua kama ana tabia ya kukuza mambo, na unaweza kumpigia kumuuliza. Kundi la namna hiyo linazishinda redio zote kwa swali la njia, kwa masharti mawili: kila anayeandika aweke saa na mahali, na asiyeona kwa macho yake aseme kwamba amesikia. "Saa 2:40, niko Katindo, ninaona magari yanarudi" ni habari. "Njia imefungwa sambazeni" ni kelele tu.

Ningeomba kila familia ya Goma ikubaliane juu ya sharti hilo wiki hii. Halina gharama. Mtoto wa darasa la sita anaweza kulifuata.

Kumbuka pia betri. Umeme ukikatika kama ulivyokatika 2021, simu iliyokuwa ikipokea video usiku kucha ndiyo ya kwanza kuzimika, na ndiyo hiyohiyo uliyohitaji kumtafuta nayo mtoto aliyepotea kwenye umati. Zima upakuaji wa picha na video mapema.

Ramani ya simu: usiiamini rangi yake

Vijana wengi wana ramani zinazoonyesha foleni kwa rangi: nyekundu kwa njia iliyojaa, kijani kwa njia iliyo wazi. Siku ya kawaida inasaidia. Siku ya janga inaweza kukupeleka motoni, na hilo si neno la kutisha watu. Desemba 2017, moto wa misitu ulipowaka Los Angeles, polisi wa mji huo waliwaomba madereva wasifuate programu za kuelekeza njia, kwa sababu zilikuwa zinawapeleka mitaa iliyo mitupu. Mitaa ile ilikuwa mitupu kwa sababu watu walikuwa wameikimbia. Moto ulikuwa huko.

Tafakari hilo kwa hapa kwetu. Barabara ya Rutshuru iliyokatwa na lava haina magari. Ramani inayohesabu kasi na msongamano haijui kwa nini hayapo. Inajua tu kwamba hakuna foleni. Isitoshe, sisi wengi tunakimbia kwa miguu na kwa pikipiki, na ramani hizo zilitengenezwa kwa kufikiria mji wa magari.

Lakini kuna njia nyingine ya kutumia data zilezile. Machi 2011, baada ya tetemeko na tsunami kaskazini-mashariki mwa Japani, kampuni ya Honda ilitoa siku iliyofuata data za barabara ambazo magari ya wateja wake yalikuwa yamepita kweli. Hiyo haikuwa ahadi kwamba njia ni nzuri; ilikuwa ushahidi kwamba mtu amepita. Waliopeleka misaada waliutumia. Kati ya "hakuna foleni" na "kuna aliyepita" mimi nachagua la pili kila mara.

Matumizi mazuri ya ramani ya simu hapa Goma ni ya kabla ya siku yenyewe. Pakua ramani isiyohitaji intaneti, kaa na wanao, mtazame vichochoro vya kutoka nyumbani hadi barabara kubwa mbili tofauti. Halafu mvitembee kwa miguu siku ya Jumapili mchana. Hapo ramani imemaliza kazi yake.

Motari: anayetoka huko unakokwenda

Kwa swali la tatu, la njia kupitika saa hii, sijaona chanzo kinachomshinda motari aliyetoka upande ule dakika chache zilizopita. Amepita mwenyewe. Tairi zake zina udongo wa huko. Anajua wapi lori limekwama, wapi askari wamesimama, wapi watu wameanza kurudi. Ni ushahidi uleule wa Japani, bila setelaiti.

Ila kuna motari wawili, na tofauti yao ni kubwa. Wa kwanza amesimama rond-point (mzunguko wa barabara) anatafuta abiria. Ukimuuliza kama Sake kunapitika, atakwambia kunapitika, kwa kuwa nauli yake iko kwenye jibu hilo, na usiku wa hofu nauli hupanda. Simlaumu, naye ana familia. Wa pili amebeba mtu au mzigo, anatoka Sake anaingia mjini, hana cha kukuuzia. Huyo ndiye wa kumsimamisha. Muulize kwa ufupi: umegeukia wapi, saa ngapi, umeona nini mahali ulipogeukia? Akisema aligeukia Mugunga, basi habari yake inaishia Mugunga. Ya mbele hajui, na wewe pia hujui.

Kama hakuna anayekuja kutoka upande ule kabisa, hilo nalo ni jibu. Njia ambayo hairudishi mtu yeyote ina kitu kinachozuia.

Ndugu aliye karibu na mlima

Swali la pili, la upande wa kuelekea, ndilo gumu kuliko yote, na ndilo ambalo redio na ramani hulijibu vibaya zaidi. Watu wa 2002 wanakumbuka. Nyufa zilifunguka ubavu wa kusini wa mlima, lava ikaingia mjini, ikapita katikati ya makazi na biashara, ikafunika sehemu ya njia ya ndege, ikafika ziwani. Mji ukagawanyika vipande viwili. Aliyekuwa mashariki mwa mto ule wa moto alikwenda Gisenyi. Aliyekuwa magharibi alikwenda Sake. Hakukuwa na kuvuka. Baba aliyekuwa kazini upande mmoja, mke na watoto upande wa pili, walikimbilia nchi mbili tofauti.

Ndani ya mji lava ile ya 2002 wengi waliweza kuitangulia kwa miguu. Kilichoamua ni kujua uko upande gani wa moto na moto unashukia wapi. Tofauti na hiyo, Januari 10, 1977 lava ilishuka ubavuni kwa kasi kubwa mno, kilomita makumi kwa saa, ikafunika vijiji kabla watu hawajajua kinachotokea. Lava ya Nyiragongo ina kidogo madini ya silika, yanayoifanya lava kuwa nzito, kwa hiyo inatiririka kama maji. Kwa wanaoishi Kibati na vijiji vya mteremkoni, hakuna chanzo cha habari kitakachoshinda mbio hizo. Wao waondoke kwa dalili ya kwanza.

Sisi wa mjini tunategemea macho yao. Ukiwa na ndugu au rafiki Kibati, Buhene au Munigi, namba yake iandike kwenye karatasi, maana simu ikizimika huikumbuki. Na mazungumzo yawe mafupi, yawe ya maswali yenye jibu:

"Mjomba, unaona moto?"
"Naona, binti yangu."
"Iko inashuka upande gani wa barabara ya Rutshuru?"
"Iko inashuka mashariki, upande wa Buhene."
"Mumeisha kutoka?"
"Tuko njiani. Nyinyi msipite upande wa uwanja wa ndege."

Dakika moja, na familia nzima imejua upande. Usimpigie kumuuliza kama anaogopa.

Shefu wa avenue na viongozi wa nyumba kumi, pamoja na makanisa na misikiti, wana kazi nyingine ambayo hakuna simu inayoiweza: kubisha hodi. Wanajua nyumba yenye mgonjwa, mzee asiyesikia, mjamzito. Kwa kaya za namna hiyo, wao ni chanzo cha kwanza kwa maswali yote matatu, na inafaa waambiwe hivyo mapema ili wasizipite nyumba hizo.

Kila mlango una habari yake

Hata ukiwa na chanzo kizuri, unapaswa kujua cha kukiuliza kuhusu kila njia.

Gisenyi ni karibu, unafika kwa miguu, na 2002 na 2021 umati mkubwa uliponea huko. Habari unayoitaka ni moja tu: mpaka umefunguliwa? Usiku wa Mei 22, 2021 Rwanda iliruhusu watu kuingia, lakini hilo ni uamuzi wa wenye mpaka kila mara, kwa hiyo uliza aliye kwenye foleni ya kituo cha mpaka cha Petite Barrière, usiulize aliye nyumbani. Jua pia kwamba matetemeko ya siku zilizofuata yalipasua nyumba upande wa Rubavu, wilaya ya Gisenyi, vilevile. Gisenyi inakuepusha na lava, si na kutikisika kwa ardhi.

Rutshuru, kwa mlipuko unaoelekea mjini, mimi naiondoa kabisa kwenye hesabu. Unakwenda kuupitia mlima wenyewe.

Sake uliza mambo matatu: foleni, maji na usalama. Mwaka 2021 mji mdogo ulipokea watu wengi ghafla, na hofu ya kipindupindu ikafuata mara moja. Na tangu vita vilipozidi, hasa tangu waasi wa M23 walipouchukua mji wa Goma Januari 2025, habari ya barabara yoyote ya kutoka ni habari ya vita pia. Mlango uliokuwa wazi mwezi uliopita usiuchukulie kuwa wazi leo. Kuna na jambo la mazuku, ambalo redio hulisahau. Magharibi mwa mji, kuanzia upande wa Bulengo na Lac Vert, hewa ya kaboni dioksidi hutoka ardhini na kukaa kwenye mabonde, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Usiku usio na upepo ndipo hukusanyika. Familia iliyochoka ikilaza watoto kwenye shimo la kujikinga na baridi, inaweza kuwakosa asubuhi. Uliza wenyeji wa hapo ni wapi wasipolaza mbuzi wao. Lala mahali palipoinuka.

Ziwa ndilo linalonipa wasiwasi kuliko yote. Boti ya kwenda Bukavu inavutia: hakuna foleni ya magari, na ukifika uko mbali kabisa na mlima. Lakini bandari hujaa haraka, na nahodha huona fedha. Oktoba 2024, barabara zikiwa zimekatwa na vita, meli iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi ilizama karibu na Kituku, watu wa ufukweni wakitazama. Wengi walikufa. Ongeza kwamba Kivu ina kaboni dioksidi na methani nyingi sana zilizoyeyuka kilindini, na 2021 onyo lenyewe lilitaja uwezekano wa mlipuko chini ya ziwa. Kama tahadhari inagusa ziwa, boti siyo njia. Kama haigusi, uliza mtu aliyeko bandarini meli imebeba watu wangapi na upepo ukoje, na uwe tayari kugeuka hata kama umekwisha kulipa.

Mimi ningepanga hivi. Familia yenye redio na watu wazima wawili wenye nguvu: redio iamue kuondoka, simu ya ndugu wa mlimani iamue upande, motari anayetoka huko aamue saa. Mama aliye peke yake na watoto wadogo asingoje mnyororo huo. Aondoke mapema kwa neno la shefu wa avenue, kwa miguu, kuelekea mlango ulio karibu naye kabla umati haujaamka. Mfanyabiashara anayefikiri kwanza kuhamisha mali kwa gari, ningemwomba asiingize gari lake barabarani saa ile. Gari moja lililokwama kwenye njia moja ya Sake linafunga mji.

Na kurudi je?

Kurudi huwa hakuna anayekupangia habari yake, ilhali nako watu hufa. Mwaka 2002 wengi walirejea baada ya siku chache tu, wakikanyaga lava ambayo juu ilikuwa imeganda na ndani bado inachemka. Kisha kituo cha mafuta kililipuka katikati ya lava ile na kuua watu waliokuwa wakichota mafuta. Mwaka 2021 ilibidi kungoja hadi Juni ndipo serikali ikatangaza kurejea kwa awamu, na wengi walikuwa wamekwisha kujirudisha wenyewe kwa sababu ya njaa na kukosa maji walikokuwa.

Kwa kurudi, vyanzo vinabadilishana nafasi. Motari hafai tena kuwa wa kwanza, kwa sababu atakwambia njia inapitika, na kweli inapitika. Hatari iko pembeni mwa njia, kwenye nyufa, kwenye gesi, kwenye ukoko wa lava. Hapo redio na OVG ndio wa kusikilizwa kwanza, hata kama wanachosha kwa kurudia maneno. Kisha mtu mzima mmoja wa familia atangulie mchana, aangalie kama maji yanatoka na kama kuta zimepasuka, awaandikie wenzake kwenye kundi saa na mahali alipo, kabla watoto hawajapandishwa kwenye pikipiki yoyote.